ALIGUSA HELA YA MAHARI, AKANUNUA SHABA FEKI

Haya wadau, hii ni ya Kibiti. Majina yanabaki mfukoni kwa sababu wahusika wapo, na mama mkwe mwenyewe ana simu ya kupangusa.

Kuna kijana ana karakana ndogo pembeni ya barabara ya Kilwa. Kazi zake ni zile zile: majiko ya mkaa, vikaango, ndoo, mageti ya hapa na pale. Ana mchumba, binti mshona nguo, na posa ilishapokelewa. Mahari ikapangwa, jamaa akawa anaweka kidogo kidogo hadi zikafika laki tatu. Zilikuwa kwenye simu, na kila zikiongezeka anampigia binti kumwambia zimefika ngapi. Mapenzi bwana.

Basi ikaja oda ya maana. Mtu anajenga nyumba ya wageni Mafia, anataka milango miwili ya mbao yenye njumu za shaba kama ile ya Unguja, pamoja na mabamba ya kona na ya kitasa. Seremala alishapatikana, kinachotakiwa ni shaba tu. Advansi laki mbili. Kijana hajawahi kugusa shaba maishani mwake, lakini nani anakataa oda ya Mafia? Akasema naweza.

Akapanda gari mpaka Mbagala, akaunganisha hadi Gerezani. Duka la kwanza wakamtajia bei, akashika kichwa. La pili vile vile. Akiwa anatoka akaitwa na mtu pembeni: "Kaka njoo, mzigo huu huu, bei nusu." Bati lilikuwa la njano, linang'aa mpaka unajiona meno. Akachukua mabati manne, akamaliza advansi, akagusa na hela ya mahari karibu yote. Moyoni anasema kazi ikiisha inarudi na faida juu.

Na wewe msomaji ungenunua, usijifanye.

Akakata, akagonga, akapigilia misumari ya kawaida ya dukani. Milango ikapakiwa Nyamisati kwenda Kilindoni, ikapendeza, akatumiwa picha, akaiweka status. Wiki ya tano ikaja picha nyingine. Kila njumu ilikuwa inalia machozi ya kutu mekundu kushuka chini ya mbao. Lile halikuwa bati la shaba, lilikuwa bati la chuma lililopakwa shaba juu, utando mwembamba kuliko karatasi. Upepo wa chumvi wa Mafia hauna subira na vitu hivyo. Tajiri akaandika maneno mawili tu: rudia, au rudisha.

Jamaa siku tatu hakupokea simu za mchumba. Siku ya nne binti akaja mwenyewe karakanani, akamkuta amekaa kwenye ndoo. Akaambiwa kila kitu. Hakupiga kelele, na hiyo ndo iliyomtisha zaidi jamaa. Akauliza tu, "Kwa hiyo shaba ya kweli unaijua sasa?" Jamaa akasema hapana. Binti akasema, "Basi tafuta anayeijua kabla hujatafuta hela."

Anayeijua alikuwa mzee mmoja Mndengereko, mtu wa delta, ujana wake wote alitengeneza majahazi na makasha huko kwenye mikoko. Siku hizi anakaa Kibiti kwa mwanawe. Kijana akaenda, shikamoo babu, marahaba, akatoa lile bati. Mzee hata hakulishika. Akaingia ndani akatoka na sumaku ya spika mbovu, akaisogeza, pa! ikang'ang'ania. "Mjukuu wangu, shaba haishikwi na sumaku. Umenunua jiko la mkaa lililovaa kanzu."

Somo likaanzia hapo, na wenye karakana wasikilize.

Shaba ya njano, ile wauza skrepa wanaiita brasi, ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Zile za kawaida za kukunja na kugonga zina shaba kama sehemu 6 na nusu mpaka 7 katika 10, inayobaki zinki. Shaba ikizidi, rangi inaelekea wekundu. Sumaku inakamata chuma kilichopakwa, ila kuna alumini ya rangi ya dhahabu ambayo sumaku inaiacha ipite. Hapo mkono ndo mzani, kwa sababu brasi ni nzito kama mara tatu ya alumini. Lakini uzito peke yake usiuamini, maana chuma na brasi vinakaribiana: bati la futi 4 kwa 2 lenye unene wa milimita 1 ni kilo 6 na kitu likiwa brasi, na kilo 5 na kitu likiwa chuma. Mkono wa nani unajua tofauti hiyo? Mzee akasema geuza bati nyuma, kwaruza kona kwa msumari. Njano ikiendelea hadi ndani, ni yenyewe. Ukiona kijivu, rudisha taratibu usigombane.

Halafu geji. Mtu yeyote aliyeezeka nyumba anajua bati la geji 32 ni jepesi kuliko la 28. Na hapa hivo hivo, namba kubwa, bati jembamba. Kwa njumu mzee alitaka kati ya geji 20 na 22. Nene zaidi ya hapo unavunja nyundo bure, na jembamba zaidi mtoto akiegemea mlango linabonyea.

Tatizo likabaki hela. Binti alikuwa kwenye kikoba cha akina mama washonaji. Akakopa laki tatu kwa jina lake. Mama yake aliambiwa ni ya vitambaa vya sikukuu. Uongo ni uongo, lakini huu mtu anauelewa.

Safari hii walikwenda wawili Gerezani, kijana na mzee, sumaku mfukoni. Wakanunua mabati mawili tu, kwa bei ile ile iliyomkimbiza mwanzo.

Kumbe kununua ni nusu ya kazi. Njumu za kwanza zote zilipasuka katikati kama yai. Mzee akacheka. Shaba ukiigonga inakuwa ngumu, ukizidi kuigonga inapasuka, kwa hiyo lazima uirudishe kwenye moto ilainike. Unaipasha kivulini siyo juani, maana unatafuta wekundu ule hafifu na juani huuoni. Ukifika, unachovya kwenye maji. Mtu aliyezoea chuma anadhani akichovya kitakaza, wenzetu hii inatoka laini kama chapati. Weusi unaobaki unasuguliwa kwa ndimu na chumvi. Kisha bati linawekwa juu ya gogo la mpingo lililochimbwa kashimo, unaligonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mti mpaka linakaa kama kikombe. Pigo moja kubwa halina kazi hapa.

Siku moja mzee hayupo, jamaa akawa na haraka, akawasha mtungi wa gesi kwa fujo. Ukatoka moshi mweupe. Jioni akawa anatetemeka, viungo vinauma, akaenda kupima malaria, hana. Asubuhi akaamka mzima. Ule moshi ulikuwa wa zinki, ukiipasha kupita kiasi inatoka kama mvuke na wewe unaivuta. Mafundi wengi wanalala na homa hiyo na kulaumu mbu.

Na lingine ambalo lilionekana ni ushirikina: mzee alikataza mabati yasilale kwenye banda la mbuzi. Kumbe si uchawi. Zamani Waingereza kule India walihifadhi risasi zao karibu na mazizi ya farasi, zikifika mvua za masika maganda ya brasi yanapasuka yenyewe. Hewa ya mkojo wa wanyama, amonia, ikikutana na unyevu na shaba iliyogongwa ikawa na mkazo ndani, inaichana. Mzee wa delta hajasoma hayo popote, yeye aliona kasha la shangazi yake.

Katikati ya kazi alikuja mtu na kipande cha shaba kuukuu, anataka bei kubwa, eti kimetoka kwenye meli ya Mjerumani, ile Königsberg iliyozamishwa deltani Julai 1915. Kibiti kila shaba kuukuu imetoka kwenye meli hiyo. Mzee akakigeuza: "Hili bomba la maji, baba." Akaongeza kwamba hata kingekuwa kweli cha meli ya vita, hakiwekwi kwenye moto, maana baruti haizeeki kwa heshima. Na vya kale vina sheria zake.

Milango ikarudiwa. Misumari safari hii ilikuwa ya brasi, kwa sababu ya chuma ikikutana na shaba kwenye hewa ya chumvi inaliwa yenyewe kwanza, na ile michirizi ingerudi pale pale. Jamaa alivuka nayo mwenyewe, akapigilia mwenyewe Kilindoni, siku mbili. Tajiri alilipa iliyobaki, akakata kidogo kwa usumbufu. Ni haki yake.

Miezi imepita, njumu zimefifia kidogo lakini hazina kutu hata tone. Kikoba kimebaki marejesho mawili. Mahari imeanza tena kuhesabiwa, ipo laki na themanini, na sasa simu ya hela anaishika binti. Vipande vilivyobaki vimetundikwa ukutani karakanani. Mama mkwe alipita akaviona, akaomba kimoja cha kuzibia kona ya kasha lake. Amepewa bure, na hajaambiwa hela ilitoka wapi.