Katwe: Tangi Tupu la Petroli Lina Hatari Yake

Ashukaye kilima cha Mengo, mjini Kampala, akielekea barabara ya Entebbe, huisikia Katwe kabla hajaiona. Mlio wa nyundo juu ya bati humpokea, ukiitikiwa na sauti ya tupa na msumeno wa chuma. Hapa hufuliwa sigiri za kupikia, masufuria, masanduku ya wanafunzi na milango ya nyumba. Sifa ya mahali hapa ni ya siku nyingi, nayo ilizidi kuenea baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda na vipuri vya magari vikaadimika. Kilichokosekana dukani, mafundi wa Katwe walijaribu kukiunda kwa mikono yao.

Mahali kama hapa ndipo panapoifaa kombi kuukuu ya Volkswagen, ile iliyogeuzwa nyumba ya safari kwa kutiwa kitanda, kabati na jiko dogo. Kombi za kwanza ziliundwa Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1950, na za mwisho za ukoo huo ziliundwa Brazil mwaka 2013. Kwa hiyo zingali barabarani ambazo umri wao wapita wa madereva wao. Gari kama hilo likitoka Mombasa hadi Kampala, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,100, si ajabu lifike likinuka petroli.

Ugonjwa wenyewe una sababu. Gari likiegeshwa muda mrefu na tangi nusu, unyevu wa hewa huganda kwenye kuta za ndani. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka hadi chini na kuanza kula chuma. Kutu huziba kichujio na kabureta, kisha hutoboa sakafu ya tangi. Mipira ya mafuta nayo hukauka na kupasuka. Katika kombi hizi injini iko nyuma, na tangi liko jirani yake. Petroli ikidondokea injini yenye moto, gari zima laweza kuteketea. Kwa sababu ya ujirani huo, mara nyingi fundi hana budi kushusha injini kwanza ndipo alitoe tangi.

Hapo ndipo busara ya fundi inapopimwa. Mteja mwenye haraka husema, "Fundi, nimekwisha mwaga mafuta yote. Lichomelee tu, niende zangu." Fundi aijuaye kazi yake hujibu kwa upole, "Afande, mafuta yametoka, lakini mvuke umebaki."

Jibu hilo lina elimu ndani yake. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke ukiwa kati ya sehemu moja na nusu na sehemu saba na nusu hivi katika kila mia za hewa, cheche moja yatosha kuulipua. Tangi lililojaa pomoni lina nafasi ndogo ya hewa. Tangi lililomwagwa lina hewa tele na mvuke wa kutosha. Katika tangi la lita 60, masalio ya petroli yasiyozidi vijiko viwili vya chai yaweza kuleta mlipuko wa kumwua mtu. Isitoshe, mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali.

Basi kazi hii ina utaratibu wake. Kwanza huondolewa waya za betri. Petroli hutolewa mahali pa wazi, mbali na sigara na majiko, na kutiwa katika vyombo vyenye vifuniko. Tangi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena. Kutu ya ndani huondolewa kwa kutia changarawe na kulitikisa. Hata hivyo, masalio yaliyojificha katika mikunjo ya bati hutoa mvuke upya yapatapo joto. Kwa hiyo kukosekana kwa harufu si ushahidi wa usalama. Tundu dogo ni heri lizibwe kwa gundi ngumu isiyodhuriwa na petroli, pasipo moto wowote. Sakafu ikiwa imeoza, afadhali kutafuta tangi jingine, au kuundiwa jipya kwa bati lisilowahi kuonja mafuta. Baada ya hapo mipira yote hubadilishwa, na viungo hukaguliwa kama vinavuja kabla gari halijawashwa.

Somo hili halimhusu mwenye kombi peke yake. Dereva wa kikosi, askari wa kituo na mama wa nyumbani, wote huishi karibu na madebe na mapipa. Debe lililokuwa na petroli lisiwekwe jikoni karibu na sigiri, wala lisigeuzwe chombo cha maji ya watoto. Pipa kuukuu la mafuta lisikatwe kwa moto ili kufanywa tangi la mvua. Na mwenye gari litakaloegeshwa siku nyingi alijaze tangi, unyevu usipate pa kuganda.

Katwe hupendwa na wengi kwa sababu kazi yake ni ya haraka na bei yake hupatanika. Lakini mteja akiambiwa arudi kesho kwa kuwa tangi lingali linaoshwa, asinung'unike. Siku moja ya kungoja ni gharama ndogo kwa fundi ambaye naye anangojwa nyumbani na wanawe. Tahadhari kabla ya hatari.