"Niwekee Yoyote"

Vijana wenzangu, kuna maneno mawili ninayoyasikia kila msimu wa maombi ya vyuo, pale steshenari ninapobangaiza: "Niwekee yoyote." Mtu kamaliza Fomu Siksi, matokeo anayo mkononi, anataka nimjazie maombi kwenye kompyuta. Namuuliza, unataka kusomea nini? "Kaka, wewe weka yoyote yenye mkopo." Miaka mitatu, minne ya maisha yake anamwachia mpiga chapa!

Siwacheki. Tangu utotoni tukiulizwa tutakuwa nani, majibu ni yale yale: daktari, mwalimu, mwanasheria. Tunawataja hao kwa sababu ndio tuliowaona au kuwasikia. Je, nani kijiweni kwetu amewahi kumwona mkadiriaji majenzi akiwa kazini? Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano na sita, jumla zikafika 65. Milango imeongezeka, sawa. Lakini mlango usioujua unakupeleka wapi, utaugongaje?

Mdogo wangu yuko Fomu Foo. Mzee alishakata shauri: PCB, halafu udaktari, basi. Binti mwenyewe Jiografia na Hisabati anazitafuna kama karanga. Baiolojia anaikariri tu. Kubishana na mzee sikutaka. Nilimwomba kitu kimoja: "Baba, niruhusu nimtembeze kwanza."

Jumamosi ya kwanza tulikwenda kwa muuguzi, jirani yetu. Ya pili tuliwafuata wapima ardhi waliokuwa wakiweka bikoni mtaa wa pili. Maswali yetu yalikuwa matatu: Saa nne asubuhi huwa unafanya nini? Nani anakulipa? Kitu gani kinakuchosha?

Muuguzi alisema kinachomchosha si damu, ni kusimama usiku kucha, na ndugu wa wagonjwa wanaomfokea. Mpimaji yeye alicheka: "Nusu ya kazi yangu ni hesabu, nusu ni kusuluhisha majirani wanaogombea futi mbili." Kisha akamwachia binti achungulie kwenye darubini ya mashine yake. Alichungulia mpaka vibarua wakaanza kusonya. Kumbe fani hiyo inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, hapa hapa Dar, na PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati, ni mojawapo ya njia za kuifikia.

Jioni mzee aliuliza, "Sasa huyo mtu wa vigingi anakula nini?"

Binti akajibu taratibu, "Baba, si unataka hati ya kiwanja hiki? Bila mpimaji huipati. Na sisi tutamlipa."

Mzee alinyamaza. Kunyamaza kwake si kukubali, ila si kukataa pia. Fomu haijajazwa bado, na nyumba nzima tunaitazama.

Najua wapo mtakaosema, mwandishi anatafuta nini kwenye habari za kozi na ajira? Mimi riwaya yangu naiandika usiku, baada ya kufunga duka. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na vitabu aliviandika. Kazi ya mchana haiui kalamu. Kinachoua ni kuamka kila siku kwenda kwenye kazi uliyochaguliwa na mtu asiyekujua.

Basi msomaji, kama una mdogo wako shuleni, mpe Jumamosi mbili tu. Nauli ya daladala ni ndogo sana ukiilinganisha na ada ya kozi aliyowekewa "yoyote".