Niliupima Msimbazi Wakati wa Kiangazi

Binamu yangu aliniuliza swali moja tu: hapa maji yanafika? Nikamjibu hayafiki. Ilikuwa Agosti, na Mto Msimbazi pale Kigogo, Dar es Salaam, ulikuwa kijifereji cheusi ambacho mtoto angekiruka. Kiwanja alichoonyeshwa na dalali kilikuwa mbali na kijifereji hicho, na mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Akanunua, akajenga.

Siwezi kusema sikujua. Darasani nilikuwa nikiuchora mto huu ubaoni: unaanzia vilima vya Pugu, unateremka kama kilometa 35, unaingia baharini penye Daraja la Selander. Nilijua kwamba misitu ya Pugu imekatwa kwa ajili ya mkaa, na kwamba mvua huko huteremka na mchanga wake. Maji yakifika Kigogo na Jangwani, ardhi ni tambarare. Mwendo unapungua, mchanga unatua, sakafu ya mto inazidi kupanda. Mto Ubungo nao unaleta maji ya mabati na lami za mitaa yake. Ikitokea siku hiyo bahari imejaa bamvua, maji yanakosa pa kutokea, yanatanda bonde zima. Yaani lile bonde pana, pamoja na matuta ya mchicha na matembele yaliyomo, ndio mto wenyewe. Kijifereji ni sehemu yake ya kiangazi tu.

Dalili zilikuwepo hata kwa asiyesoma. Udongo wa kiwanja ulikuwa mchanga mweupe wa mtoni. Bei ilikuwa ndogo mno kwa mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi Kariakoo. Na kwenye ukuta wa nyumba ya jirani palikuwa na mstari wa tope, usawa wa kiuno. Niliuona. Lakini nilikuwa nimeshatambulishwa kwa muuzaji kuwa mtaalamu wa familia, nimeshasema hayafiki, nikaona aibu kujirudi mbele ya dalali. Nikajiambia ni unyevu.

Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Binamu yangu aliwatoa watoto wake usiku akiwabeba mgongoni. Cherehani, magodoro na vyeti vya shule vikaenda na maji. Hapo nikaongeza kosa la pili, ambalo naliona baya kuliko la kwanza. Watu wa hali ya hewa walitangaza kwamba mvua ile ilikuwa kubwa kuliko zote tangu Uhuru, nami nikajificha nyuma ya tangazo hilo. Nani angetabiri, nilimwambia. Ni kweli mvua ilikuwa ya ajabu, ila ule mstari wa ukutani ulichorwa na mvua nyingine kabla yake, na bonde lilifurika tena Aprili 2014, kisha Aprili 2018.

Serikali ilimpa kiwanja Mabwepande pamoja na waathirika wengine. Ni mbali, biashara yake ya Kariakoo ilikufa kwa nauli. Habari ya ule mstari sijamwambia, na kila akitaka kununua ardhi bado ananipigia simu mimi.