Haki ya Kurudia Mshororo

Mshairi Abul-Alaa al-Maarri, aliyezaliwa nchi ya Sham mwaka 973, alipofushwa na ndui akiwa bado mtoto mdogo. Alitunga kichwani, na wengine wakamsomea na kumwandikia. Habari hiyo haiwashangazi Waswahili, kwani pwani hii imewazoea mahafidhi wasioona, waliouhifadhi msahafu mzima kifuani. Ndiyo maana huwa rahisi kudhani kwamba asiyeona hana haja ya kitabu: amejaaliwa sikio na kumbukumbu, basi na asomewe.

Dhana hiyo ina heshima ndani yake, lakini yamdhulumu mtoto wa skuli. Anayesomewa hungoja. Hungoja msomaji apate nafasi, asome kwa mwendo wake, aruke apendapo kuruka. Na msomaji akichoka, kitabu kimefungwa.

Na afikiriwe mtoto wa namna hiyo huko Buzebazeba, katika manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ujiji si mgeni kwa msomaji wa visiwani. Ulikuwa kituo kikuu cha misafara kutoka Bagamoyo, na Kiswahili kilifika huko kwa miguu, kabla ya reli kuingia Kigoma mwaka 1914. Mtoto huyo akiketi darasani, mwenzake ndiye macho yake. Mwenzake akitumwa na mamaye kwenda mwaloni kununua migebuka, mshororo hukatikia hapo hapo.

Nukta nundu, alizozibuni Mfaransa Louis Braille mwaka 1824 akiwa na miaka 15 tu, zilimwondolea asiyeona utegemezi huo. Nukta sita zatosha kuandika kila herufi. Lakini karatasi yake ni nene, na kitabu kimoja cha kawaida huzaa majuzuu kadhaa. Mzigo huo, ukitoka Dar es Salaam hadi ziwani, hufuata njia ndefu kama ya misafara ile. Mwenye uoni hafifu naye ana shida yake. Kabanga, wilayani Kasulu, mkoa huo huo wa Kigoma, ni mahali palipowapokea watoto wenye ualbino wakati wa mauaji ya miaka ya mwisho ya 2000. Wengi wenye hali hiyo huona kwa shida, na maandishi madogo kwao ni kama vumbi lililomwagwa juu ya karatasi.

Kitabu cha kidijitali kilichotengenezwa vyema huwakusanya wote hao. Faili moja hukuzwa herufi kwa mwenye uoni hafifu, husomwa kwa sauti na kompyuta, na hupelekwa kwenye kifaa kinachoinua nukta chini ya vidole. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia alianza kuunda NVDA, programu ya kusoma skrini itolewayo bure, nayo huweza kukisoma Kiswahili. Sauti yake ni kavu, haina lahani, lakini haichoki. Mtoto akitaka mshororo urudiwe mara kumi, hurudiwa mara kumi, wala haombi radhi kwa mtu.

Hata hivyo, si kila kilichomo ndani ya kompyuta kiko wazi. Ukurasa uliopigwa picha ni bubu mbele ya programu hiyo. Swali lisemalo “tazama mchoro”, bila mchoro wenyewe kuelezwa kwa maneno, humwacha mtoto mlangoni. Na shairi ndilo huumia zaidi. Mpangaji kurasa akiziweka ukwapi na utao katika safu mbili kama jedwali, mashine yaweza kuteremka na ukwapi wa ubeti mzima, kisha ndipo iuanze utao. Vina vyote vipo, mizani zote zimetimia, na maana imekufa.

Wala sauti peke yake haitoshi. Aliyesikia tu neno “ng’ambo” hajui kama lina ritifaa juu, wala hajui mkato umekaa wapi. Atalijua shairi bila kujua kuliandika. Kwa hiyo vidole navyo vina haki yao, na nukta nundu hazistaafishwi na kompyuta.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, wazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila ya kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba ya vitabu vya kiada mtandaoni. Kilichobaki ni kazi ya mikono: kuandika vichwa vya habari kama vichwa, kueleza kila picha, kupanga beti zisomeke kwa taratibu yake, na kumpa mwalimu wa Buzebazeba mashine na mafunzo ya kuitumia. Mshairi naye ana fungu lake. Shairi lake likichukuliwa kutiwa kitabuni, aulize litasomekaje litakapomfikia mtoto asiyeliona.