Tulipanga Zanzibar, Tukaishia Geita

Hebu niambie ukweli msomaji wangu, ukisikia neno likizo unaona nini? Mimi naona bahari. Naona mchanga wa Nungwi, kanga kiunoni na mtu ananiletea madafu. Miaka sita ya ndoa nilikuwa naiota Zanzibar hiyo, na safari hii tulishakubaliana: Juni, siku nane, mimi na baba watoto tu, watoto wanabaki kwa dada yangu Tabata.

Wiki tatu kabla, nikamwambia alete pesa tulizoweka nikalipie hoteli. Akaanza kujikuna kichwa. Wanawake mnaijua hiyo dalili. Kumbe milioni moja na nusu alishamtumia mdogo wake kule Nyarugusu, wilayani Geita, akachimbie dhahabu! Ameingia ubia kwenye duara, eti faida ingerudi kabla ya Juni na mimi nisingejua kitu.

Sikupiga kelele. Nilimnunia siku mbili, halafu nikatoa uamuzi: likizo iko palepale, ila tunakwenda kuona hiyo pesa ilikolala. Na njiani tutapita Shinyanga kwa mama yake, ambako tangu harusi nilikuwa nimefika mara moja tu.

Dar mpaka Shinyanga kwa basi ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo usivae viatu vya kubana. Juni ni mwezi mzuri, mvua zimeisha na mavuno yako ndani. Nilitegemea kukuta jangwa, maana zamani miti ya huko ilifyekwa sana, kwanza kuwafukuza mbung'o, baadaye kupata mashamba ya pamba. Lakini mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakarudia mila yao ya ngitili, yaani kutenga kipande cha malisho kipumzike, na miti ikarudi. Mama mkwe anayo yake nyuma ya nyumba. Alinitembeza mti baada ya mti, huu wa tumbo, huu wa kikohozi, wakati mwanawe yuko jikoni anamenya viazi. Nilikuwa nimemsimulia habari ya milioni na nusu. Adhabu aliitoa yeye, si mimi.

Huko jifunze maneno mawili: "ng'wangaluka" asubuhi, na "wabeja" ukipewa kitu. Utapewa tu. Mimi nilipewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Matobolwa na karanga, jamani, acheni. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, tulipaona kwa mbali tu. Nilishachoka na habari za mawe.

Tukaingia Geita kupitia Kahama. Usichanganye mambo: mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 una uzio na walinzi, huingii hovyo. Kwa wachimbaji wadogo nako usiende bila mwenyeji, na vaa viatu vya kufunika. Vumbi ni jeupe, karasha zinasaga mawe kwa kelele mpaka mnaongea kwa ishara, na pembeni kijana anakoroga zebaki kwa mikono mitupu kama anakanda unga. Zebaki ni sumu, na anapoichoma, moshi wake ndio mbaya zaidi. Nilitamani kumwambia. Nilipomwambia, alicheka.

Duara letu, maana sasa ni letu, ni shimo lenye magogo pembeni na kamba katikati. Shemeji alitusalimia kwa adabu zote, akasema, "Shemeji, mwamba bado, ila tunakaribia." Kisha akafunga tochi kichwani, akashika kamba, akashuka. Nikachungulia. Kwanza niliona mwanga wake, halafu sikuona kitu. Hotuba niliyoiandaa tangu Dar ikanikauka mdomoni. Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, mkono kwenye gogo, hakusema neno mpaka mdogo wake alipotoka. Alimwomba aache, arudi nyumbani. Kijana akamjibu kwamba nyumbani hakuna kazi inayomngoja.

Siku mbili za mwisho nilizilipia mimi, kwa pesa ya kikoba. Ukifika Muganza, wilayani Chato, unashuka bandari ndogo ya Kasenda na kuvuka kwa boti hadi Rubondo, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna nzohe, twiga, furukombe kila kona, na sokwe ambao wazee wao walitolewa bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa humo miaka ya 1960. Sokwe hatukuwaona, tuliwasikia. Usiogelee, ziwa lina mamba. Na beba dawa ya mbu, Geita ina malaria nyingi.

Usiku, kwenye kibaraza, nikamuuliza kama kuna pesa nyingine nisiyoijua. Akanyamaza kidogo, akasema iko moja. Laki mbili, kwa fundi pikipiki. Tuliongea mpaka saa nane.

Tulirudi kupitia Mwanza, juu ya lile daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Nyumbani, mwezi wa nane, ikaingia meseji ya shemeji kwamba mwamba umeanza kubadilika rangi na wanahitaji laki tatu za magogo. Mume wangu alinipa simu niisome kabla hajajibu.