Kilo Ishirini
Siku ya kwanza jimu, kocha alinionyesha mkebe wa poda ya protini kabla hajanionyesha chuma. Mwanamke anayeanza, alisema, bila hii atachoka bure. Nikatoa pesa ya chakula cha wiki mbili. Nikawa nakunywa poda, nalala njaa, magoti yakitetemeka nikichuchumaa tu.

Mamangu alipokuja kunitembelea, maji yalikuwa yamepotea. Akabeba mtungi wa lita 20 hadi orofa ya nne, kilo 20 na zaidi, bila kupumzika.

“Unainua vyuma na tumbo tupu?” aliniuliza, akiteleka ndengu. Akachemsha mayai mawili: gramu 12 hivi za protini.

Siku hizi mtungi naubeba mwenyewe. Ila bei ya ule mkebe bado sijamwambia.