Spika Zangu na Ulimi Wangu



Ninalotaka kuwahadithia leo ni jambo dogo la nyumbani, nalo ni khabari ya spika zilizotoa sauti mbaya. Pengine msomaji atajiuliza, gazeti la dini lina shughuli gani na spika? Namuomba asubiri mpaka mwisho, kwani katika jambo hili dogo nilipata hasara ambayo si ya fedha, na mtu aliyekuja kunitengenezea sauti ndiye yule yule niliyekuwa nimemdhulumu.

Baba yangu ni mtu mzima aliyepindukia miaka 80. Miguu yake haimruhusu tena kushuka ngazi za nyumba yetu hapa Mombasa kwenda msikitini, na masikio yake yamepungua nguvu. Starehe yake iliyobaki ni kusikiliza Qurani, na msomaji ampendaye kuliko wote ni Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake cha msahafu mzima kilirekodiwa mwaka 1961, nacho ndicho cha kwanza kurekodiwa hivyo. Baba alikuwa kijana zama hizo, na sauti ile aijua kama mtu ajuavyo sauti ya mzazi wake.

Ramadhani ilipokaribia, nilikusudia kumfurahisha. Nilitaka aisikie sala ya tarawehe inayotangazwa moja kwa moja kutoka Makka, ambako saa zao na zetu ni moja, aisikie kana kwamba yumo safuni. Nikaenda dukani nikanunua seti ya zile spika waziitazo homu thieta: mbili za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, na ile kubwa ya sauti nzito iitwayo sabufa, pamoja na amplifaya yake. Mwenye duka, kijana wa Kiislamu mwenye adabu, alitaka kunipa mtu aje azifunge bila ya malipo. Nilimjibu kuwa nina macho na najua kusoma.

Nilizifunga usiku ule ule kwa haraka, na kitabu cha maelezo sikukifungua. Asubuhi nilimketisha baba katikati ya sebule, nikafungua kisomo cha Al-Husary. Baba alisikiliza kwa muda, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Mwanangu, huyu si Husary."

"Ndiye, baba," nilimjibu.

"Husary ana kifua. Huyu hana kifua, na wala sijui anasoma kutoka upande gani."

Alisema kweli. Sauti ilikuwa nyembamba, imetawanyika chumbani haina mahali. Nikaongeza sauti, na mwangwi ukaongezeka pamoja nayo. Nikaongeza sabufa, na madirisha yakatetemeka. Jioni jirani wa chini, mwenye mtoto mchanga, akapanda kuniomba kwa upole nipunguze. Niliona haya, kwani haki ya jirani imetajwa pamoja na ya wazazi katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, nami nilikuwa nikitafuta ya mmoja kwa kuivunja ya mwingine. Nikanunua waya nene za bei kubwa, nikazifunga kama nilivyofunga zile za mwanzo, na hali haikubadilika. Mwisho baba aliacha kuja sebuleni, akarudia kiredio chake kidogo chumbani kwake.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoingia. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa barazani watu sita au saba, mazungumzo yalifika kwenye biashara za siku hizi. Nikasema, tena kwa kumtaja jina, kuwa kijana yule huuza bidhaa bandia na huwaibia hata Waislamu wenziwe. Mmoja katika waliokuwapo alikuwa na fedha za madrasa mkononi, naye amekusudia kununua kwa kijana huyo spika na vipaza sauti vya madrasa. Alinisikia, akanyamaza. Siku ya pili akanunua kwengine.

Nilimwendea yule kijana nikamtaka anirudishie fedha zangu. Hakubishana nami. Alisema, "Ami, niruhusu kwanza nije nizisikie huko huko zinakolia. Nikizikuta mbovu, nitakurudishia fedha zako zote."

Akaja siku ya Ijumaa baada ya Alasiri. Nawaeleza aliyoyafanya kwa utaratibu wake, kwani wengi katika wasomaji, khasa vijana, wana vyombo kama hivi majumbani, na huenda yakawafaa.

Kwanza alimuomba baba aje akae mahali pake. Alifungua kisomo cha Al-Husary katika spika ya kulia peke yake, na sauti ikawa nzuri. Akaifunga, akaifungua ya kushoto peke yake, nayo ikawa nzuri. Kisha akazifungua zote mbili pamoja, na baba akapaza mkono, "Hapo! Hapo amekwenda tena!"

Kijana akatabasamu. Aliniambia kuwa spika mbili ambazo kila moja ni nzima ikiwa peke yake, na zikikutana huharibikiwa, aghlabu hazina ubovu wowote, ila zimefungwa zikawa zapingana. Alizichomoa kutoka kwenye amplifaya, akatoa mfukoni betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, akaigusisha nyaya za spika ya kulia kwa nukta moja, upande wa chanya kwenye waya wa tundu jekundu. Utando wa spika ukaruka kuja mbele. Akafanya vivyo hivyo kwa ya kushoto, na utando ukaruka kurudi nyuma.

Waya wa spika una nyuzi mbili, na mmoja una mstari mwembamba wa kuutambulisha. Ule uzi unaotoka tundu jekundu la amplifaya hauna budi kuingia tundu jekundu la spika, na mwenziwe aingie jeusi. Spika ya kushoto niliigeuza. Basi kila spika ya kulia iliposukuma hewa, ya kushoto iliivuta, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na yule yuko nje. Sauti nzito ndizo zinazopotea zaidi kwa njia hiyo, kwani mawimbi yake ni marefu, na ndicho kile kifua alichokitafuta baba. Tena rekodi za zamani kama ile hutoa sauti moja ile ile katika spika zote mbili, kwa hiyo mtu aliyekaa katikati ndiye anayepata hasara kubwa. Mahali bora nilipompa baba ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote.

Aligeuza nyuzi mbili, kazi ya dakika moja. Kisha, badala ya kuondoka na ushahidi wake, akaendelea.

Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Sote tukasikia kofi lile likirudi rudi kutani. Sebule yetu ina vigae sakafuni, vioo upande mmoja, na kuta tupu za saruji, na vitu vigumu kama hivyo huirudisha sauti. Neno la kwanza halijazimika, na la pili limekwisha kulifikia, basi mwenye masikio dhaifu hawezi kuyatenga. Nimesoma baadaye kuwa mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilikuwa na ukumbi mpya ambamo maneno ya mwalimu hayakufahamika, kwa kuwa sauti ilidumu humo zaidi ya sekunde 5. Mwalimu wa fizikia aitwaye Wallace Clement Sabine alitakiwa autengeneze. Alifanya kazi usiku, wakati wa utulivu, akiingiza mito ya viti kutoka ukumbi mwengine, na kupima kwa saa muda unaochukua sauti kufa. Kila mito ilipozidi, sauti ilikufa upesi zaidi. Sisi tulitandika zulia tulilokuwa tumelikunja kabatini, tukatundika mapazia mazito mbele ya vioo, na kabati la vitabu likahamishwa ukuta wa nyuma. Tukapiga kofi tena, nalo likafa hapo hapo.

Spika ya kati ndiyo inayochukua maneno mengi katika vipindi vilivyorekodiwa kwa njia zote za sauti. Yangu niliiingiza ndani kabisa ya kabati la televisheni, na mke wangu akaifunika kwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Aliivuta mpaka ukingoni, akaiinua kidogo ielekee masikio ya mwenye kukaa, akaiongeza nguvu kwa desibeli 3, na kitambaa akamrudishia mwenyewe kwa heshima.

Spika za mbele alizitoa pembeni akaziweka kimo cha masikio, mwendo sawa kutoka kiti cha baba. Sauti huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na mita moja ya tofauti ni karibu sehemu 3 za elfu za sekunde. Ni kidogo sana, lakini sikio hulitambua neno linalotangulia. Amplifaya ina mahali pa kuandikia mwendo wa kila spika kutoka kwa msikilizaji, ili iyachelewesha yaliyo karibu. Mimi nilipaacha kama palivyotoka kiwandani.

Ikabaki sabufa, ambayo niliisukumia kwenye pembe ya chumba. Pembe huzidisha sauti nzito, na kila chumba kina sauti zake kinazozikuza. Chumba chenye urefu wa mita 5 kama chetu huikuza sauti ya mitetemo kama 34 kwa sekunde, ikavuma kando ya kuta na kupotea katikati. Kijana aliiweka sabufa juu ya kiti cha baba, akaifungua, kisha akatambaa chumba kizima kwa mikono na magoti huku ametega sikio, mpaka akapata mahali sauti ilipokuwa sawa, wala haivumi wala haipotei. Hapo ndipo alipoihamishia. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaipunguza sana, na jirani wa chini hakupanda tena.

Al-Husary akafunguliwa mara ya mwisho. Baba alifumba macho. Baada ya aya chache alisema, "Ndiye," akanyamaza.

Nilimsindikiza kijana mpaka mlangoni, ulimi wangu mzito. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nimekusema vibaya barazani." Akanijibu, "Najua, ami. Niliambiwa siku ya pili yake." Alikuwa anajua tangu mwanzo, naye amekuja nyumbani kwangu, ametambaa juu ya sakafu yangu, hakutaja neno. Nilitaka kumlipa faida aliyoikosa katika vyombo vya madrasa. Alikataa. Alisema ataridhika nikiwaambia kweli wale walionisikia.

Wapenzi wasomaji, Suratul-Hujurat, aya ya 12, yatukataza kudhaniana vibaya na kusengenyana, na Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kuwa kumtaja mwenzio kwa jambo alilonalo naye akichukia ni kumsengenya, na kumtaja kwa asilolo kuwa nalo ni kumzulia. Mimi nilikuwa katika jambo la pili, nikidhani niko katika nasaha.

Waya ulinichukua dakika moja kugeuzwa. Maneno yalinichukua karibu wiki tatu. Nilirudi kwenye baraza ile ile, baada ya sala ile ile, nikasema mbele ya watu kuwa vyombo vilikuwa vizima na mwenye kosa ni mimi. Wawili hawakuwapo, mmoja nilimfuata dukani kwake, na wa pili alikuwa amesafiri kwenda Lamu, nikampigia simu. Kila mmoja nilimuuliza, umemwambia nani? Mmoja alikuwa amemwambia shemeji yake, na shemeji aliwaambia watu asiowakumbuka. Hao sikuwapata, wala sijui nitawapatia wapi. Na zile fedha za madrasa zilikuwa zimekwisha kutumika kwengine.

Basi nanyi vijana, chombo chenu kikitoa sauti mbaya msiongeze sauti, wala msikimbilie kununua. Sikilizeni spika moja moja, tazameni nyuzi zenu, pigeni kofi chumbani, sogezeni vitu kimoja baada ya kimoja, na kila mkigusa kimoja sikilizeni tena kabla ya kugusa cha pili. Na mkimshuku mtu, mfanyieni uadilifu ule ule mliokifanyia chombo: mwendeeni yeye kwanza, mumsikilize peke yake, kabla hamjamtaja mbele za watu.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani baba alikaa kitini pake, na sauti ya imamu wa Makka ikamfikia wazi, neno baada ya neno. Nilimuona akiitikia "Amin" pamoja na wale waliokuwa huko. Nami nilikaa nyuma yake nikimuomba Mwenyezi Mungu amzidishie riziki kijana yule, anisamehe niliyoyasema, na awafikishie kweli wale ambao mimi sikuweza kuwafikia. Amin.